Mbwa Asiye na Hati: Jinsi Chotara Walivyofunguliwa Viwanja vya Michezo

Swali ambalo wafugaji wa mbwa hawaachi kuuliza, wawe ni wa mjini wanaotoa fedha nyingi kununua German Shepherd wa kulinda geti au wa kijijini wanaolea mbwa aliyezaliwa uvunguni mwa ghala, ni hili: je, mbwa chotara anaweza kufundishwa akashindana uwanja mmoja na mbwa wa mbegu safi, au damu iliyochanganyika humpunguzia akili na utii? Jibu ni kwamba anaweza, na amekwisha kuthibitisha hivyo mara nyingi. Lakini jibu hilo huzaa swali la pili lililo zito zaidi, nalo ni kwa nini, ikiwa uwezo alikuwa nao siku zote, ilichukua miongo mingi kabla ya vyama vikubwa vya mbwa kumruhusu hata kujaribu. Sura hii inalifuata swali hilo la pili nchini Marekani, ambako mlango ulifungwa kwa karatasi na hatimaye ukafunguliwa kwa karatasi vilevile, kwa jitihada za watu wasiolipwa.

Kabla ya kwenda mbali, yafaa maneno matatu yatenganishwe, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa sana. Mbwa wa mbegu safi ni yule ambaye wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, wameandikwa wote kuwa wa mbegu moja inayotambuliwa na chama fulani. Mbwa chotara ni yule aliyezaliwa na wazazi wa mbegu mbili au zaidi, au ambaye asili yake haijulikani kabisa. Mbwa koko ni mbwa wa kuzurura asiye na mwenyewe, na hilo ni jambo la makazi wala si la damu: mbwa mwenye nasaba ndefu akitupwa barabarani huwa koko siku hiyohiyo, na mbwa chotara aliyelelewa vizuri nyumbani hakuwa koko hata siku moja.

Usafi wa mbegu ni suala la daftari

Chama cha mbwa cha Uingereza, The Kennel Club, kiliundwa mwaka 1873, na cha Marekani, American Kennel Club, kikafuata mwaka 1884. Kazi kuu ya vyama vya namna hii ilikuwa kutunza daftari la nasaba, yaani kumbukumbu ya kila mbwa aliyezaliwa katika mbegu fulani pamoja na majina ya wazazi wake, ili mnunuzi ajue anachokinunua na mfugaji aweze kupanga uzazi. Daftari likishafungwa, mbwa mpya haingii isipokuwa wazazi wake wawili wawe tayari wameandikwa humo, na kwa hiyo mbwa asiye na hati, hata awe mzuri kiasi gani, huhesabiwa kama hayupo.

Mfano unaowahusu moja kwa moja wasomaji wa Afrika ni ule wa mbwa aitwaye basenji, mwindaji mdogo wa misitu ya Kongo, mwenye mkia uliojikunja na anayejulikana kwa kutobweka kama mbwa wengine. Kwa karne nyingi aliishi vijijini bila hati wala daftari. Katika miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937, wakaandikwa, na daftari likafungwa. Kuanzia hapo kizazi cha wale wachache kikawa mbwa wa mbegu safi, huku ndugu zao waliobaki kijijini wakiendelea kuwa mbwa tu. Matokeo ya kuzaliana ndani ya kundi dogo hayakukawia, kwani ugonjwa wa figo wa kurithi ulienea miongoni mwao, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire ya wakati huo kutafuta mbwa wapya wa vijijini. Chama cha Marekani kikalifungua daftari lake mwaka 1990 ili kuwaingiza. Mbwa wale hawakubadilika hata unywele mmoja kati ya siku waliyokuwa nje ya daftari na siku waliyoandikwa, na mtu anayetaka kujua mbegu safi ni nini hasa hatapata funzo lililo wazi kuliko hilo.

Haya hayana maana kwamba daftari ni ulaghai. Mchungaji wa kondoo anayehitaji mbwa wa kuchunga ana sababu nzuri ya kutaka kujua wazazi wake walichunga. Tatizo huanza pale hati inayoeleza ukoo inapotumiwa kuwa kibali cha kuingia katika shughuli isiyopima ukoo.

Mtihani uliobuniwa kupinga dharau

Michezo ya utii, ambayo hupima jinsi mbwa anavyosikiliza na kutekeleza maagizo ya mwongozaji wake, ina historia yenye kejeli ndani yake. Mwaka 1933 mwanamke Mmarekani, Helene Whitehouse Walker, aliyekuwa akifuga poodle, alichoshwa na maneno ya watu waliowaona mbwa hao kuwa ni mapambo yenye manyoya yaliyonyolewa kwa mitindo lakini yasiyo na akili. Badala ya kubishana, aliandaa mtihani huko Mount Kisco, jimbo la New York, akakaribisha mbwa wa mbegu mbalimbali, na wakajitokeza mbwa wanane. Mtihani huo ulipendwa, na ilipofika mwaka 1936 American Kennel Club ilikuwa imeupokea na kuuandikia kanuni rasmi.

Kwa hiyo mchezo ulioanzishwa ili kuonyesha kwamba sura ya mbwa haisemi lolote kuhusu akili yake uliingia mikononi mwa chama ambacho kwa zaidi ya miaka 70 kiliwafungia nje mbwa kwa sababu ya wazazi wao. Ni kama timu ya mtaani kumdai mchezaji cheti cha kuzaliwa cha babu yake kabla ya kumpa jezi.

Ili kuona jinsi sharti hilo lilivyokuwa halihusiani na mchezo wenyewe, msomaji atazame yaliyomo katika daraja la kwanza la utii kama lilivyofanywa kwa miaka mingi:

- mbwa hutembea ubavuni mwa mwongozaji akiwa amefungwa kamba, akifuata kila kona na kila badiliko la mwendo;
- husimama tuli wakati mwamuzi, ambaye ni mtu mgeni kwake, anampapasa;
- hutembea tena ubavuni, safari hii bila kamba;
- huitwa kutoka upande wa pili wa uwanja, akaja moja kwa moja na kukaa mbele ya mwongozaji;
- hukaa kwa dakika 1, kisha hulala kwa dakika 3, akiwa katika safu pamoja na mbwa wengine huku waongozaji wamesimama ng'ambo ya uwanja.

Alama za juu kabisa ni 200, na ili kufaulu mbwa hana budi kupata angalau 170 huku akivuka nusu ya alama katika kila zoezi. Akifaulu mara tatu mbele ya waamuzi tofauti, hupewa cheo, yaani herufi zinazoandikwa karibu na jina lake kuonyesha kiwango alichofikia. Hakuna hata zoezi moja kati ya hayo linalodai mbwa awe na masikio yaliyosimama au rangi fulani ya koti. Kulala kimya kwa dakika 3 karibu na mbwa usiyemjua ni jambo gumu, na ugumu wake ni uleule kwa mwenye hati na asiye nayo.

Karatasi inajibiwa kwa karatasi

Wenye mbwa chotara walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pembeni: American Kennel Club ilikuwa na utaratibu wa kuwaandikisha mbwa wasio na hati ambao kwa kuwatazama walionekana kuwa wa mbegu inayotambuliwa, mradi wawe wamehasiwa, na uamuzi ulitolewa kwa kuangalia picha. Utaratibu huo uliwasaidia wengi waliochukua mbwa kutoka kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa, lakini udhaifu wake unaonekana bila kutumia darubini, kwani katika mbwa wawili wenye uwezo sawa, yule ambaye picha yake ilifanana na mbegu fulani alipita, na yule aliyefanana na mbegu tatu kwa pamoja alibaki nje.

Njia ya pili ilikuwa kujenga uwanja mwingine, na hapa ndipo kazi ya kujitolea ilipoanzia. Mixed Breed Dog Clubs of America, yaani vyama vya mbwa chotara vya Marekani, ni muungano wa wapenzi wa mbwa ulioanzishwa na watu ambao hawakuwa na ruzuku, jengo, wala watumishi wa kuajiriwa. Katika miaka ya 1980 kulikuwapo pia American Mixed Breed Obedience Registration, daftari la utii kwa mbwa chotara, lililokusanya matokeo ya mbwa hao na kuyahifadhi. Jambo la kutazamwa kwa makini ni aina ya silaha waliyoichagua. Hawakuanzisha mchezo mwepesi wa kuwafariji waliokataliwa, wala mashindano ya mbwa mwenye mkia wa kuchekesha zaidi, ingawa hayo nayo yana raha yake. Walichukua mazoezi yaleyale, alama zilezile na ngazi zilezile za vyeo, wakawaomba waamuzi wenye uzoefu kuja kupima kwa vipimo vilevile. Mbwa chotara aliyepata cheo kwa namna hiyo alikuwa na rekodi ambayo mwenye mbwa wa mbegu safi angeweza kuisoma na kuielewa bila kufafanuliwa.

Hapa ndipo penye hekima ya vyama hivi. Malalamiko kwamba chotara naye ni mbwa yangeweza kupuuzwa milele, kwa kuwa ni maneno; jedwali la matokeo la miaka 20 na zaidi, lililojazwa kwa kanuni zilezile za upande wa pili, halipuuziki kirahisi. Daftari lililowatenga mbwa hao lilijibiwa kwa daftari jingine, tofauti ikiwa kwamba la pili liliandika alichokifanya mbwa badala ya alikotoka.

Vyama hivi vilifanya pia jambo lililowashangaza baadhi ya watu, nalo ni maonyesho ya umbo kwa mbwa chotara. Katika maonyesho ya kawaida ya umbo mwamuzi humlinganisha mbwa na maelezo yaliyoandikwa ya mbegu yake, ambayo hutaja kimo, rangi, mkao wa mkia na mengineyo, na lengo la asili ni kuchagua wazazi wa kizazi kijacho. Chotara hana maelezo ya namna hiyo, na wala hakusudiwi kuzalishwa, hivyo mwamuzi hutazama uzima wa mwili, mwendo na tabia, na mbwa huwa amehasiwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa ni kuiga bila sababu. Hoja yao ina uzito fulani, kwani maonyesho yasiyohusiana na uzalishaji hupoteza kusudi lake la kwanza. Hata hivyo mbwa anayekubali kuguswa meno na mgeni na kutembea kwa hatua sawa mbele ya umati amefundishwa jambo, na mafunzo hayo hayahitaji nasaba.

Siku ya mashindano, nyuma ya uzio

Mchezo uliosaidia zaidi kuuvunja ukuta ni ule wa mbio za vizuizi, unaojulikana duniani kama ajiliti, ambamo mbwa huruka viunzi, hupita ndani ya mahandaki ya kitambaa, hupanda na kushuka ngazi za mteremko na kupenya kati ya fimbo zilizosimikwa katika mstari, akiongozwa kwa sauti na ishara bila kuguswa. Ulionyeshwa mara ya kwanza Crufts mwaka 1978, kama burudani ya kujaza muda, na John Varley pamoja na mkufunzi Peter Meanwell, ambao waliiga mashindano ya farasi kuruka viunzi. Ulipovuka bahari, chama kilichoanzishwa mwaka 1986 na Kenneth Tatsch, United States Dog Agility Association, kiliupokea bila sharti la nasaba. American Kennel Club ilianza mashindano yake ya ajiliti mwaka 1994, kwa mbwa wa mbegu safi tu, wakati ambapo kwa jirani chotara walikuwa tayari wamezoea kukimbia.

Kinachofanya ajiliti iwe vigumu kuwekewa ubaguzi ni kwamba kipimo chake ni saa na makosa yanayoonekana kwa macho. Mbwa hupimwa kimo cha bega ili apangiwe urefu wa viunzi vinavyomfaa, na baada ya hapo hakuna anayeuliza lolote kuhusu mwili wake. Akiingia kwenye zile fimbo, ni lazima ya kwanza aipite ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Akishuka ngazi, ni lazima angalau unyayo mmoja uguse sehemu iliyopakwa rangi tofauti chini kabisa, kanuni iliyowekwa ili asijirushe kutoka juu na kuvunjika. Kiunzi kikianguka, kimeanguka.

Mashindano ya namna hii hayaendi bila wasiolipwa. Wapo wanaobeba vifaa alfajiri na kuvipanga kufuata mchoro wa mwamuzi, wapo wanaokaa chini kando ya viunzi kurudisha ubao ulioanguka, wapo wa saa, na yupo mwandishi, ambaye kazi yake ni ya ajabu kidogo: haruhusiwi kumtazama mbwa. Macho yake hubaki kwenye mikono ya mwamuzi tangu mwanzo hadi mwisho, akiandika kila ishara ya kosa inayoinuliwa, kwa sababu akivutiwa na mbwa hata mara moja ishara itampita na matokeo yatakuwa si ya haki. Mara nyingi watu hao ni washindani wenyewe. Mtu huongoza mbwa wake, humfungia kwenye kizimba chake, kisha hurudi kuandika alama za mpinzani wake. Chama kidogo kinachotaka kuanza hujifunza mapema kwamba fedha hukosekana mara moja moja, lakini mikono ya kufanya kazi hukosekana kila wiki.

*Kwa ufupi:* hadi hapa yameonekana mambo mawili. Hati ya nasaba huthibitisha ukoo, na michezo ya mbwa hupima mafunzo. Na vyama vya kujitolea viliitumia tofauti hiyo kujenga kumbukumbu zilizolingana kwa ubora na zile za vyama vikubwa.

Mlango mkubwa unafunguliwa

Kuanzia Aprili 2010 American Kennel Club iliwaruhusu mbwa chotara kushiriki katika mashindano yake ya utii na ajiliti, kupitia mpango uitwao Canine Partners, na ikawapa jina la kupendeza, All-American Dog. Ingekuwa kujidanganya kuamini kwamba moyo wa huruma ulitosha. Idadi ya mbwa walioandikishwa na chama hicho ilifikia kilele cha zaidi ya milioni 1.5 mwaka 1992, na tangu hapo ilikuwa ikishuka mwaka hata mwaka, huku ada za kuandikisha zikishuka nazo. Wakati huohuo maelfu ya wenye chotara walikuwa wakilipa ada za mashindano katika vyama vingine. Haki na hesabu zilielekeza njia moja, na mara nyingi mageuzi ya vyama hupita hapo zinapokutana.

Sharti moja lilibaki na linastahili kuelezwa: chotara anayeandikishwa ni lazima awe amehasiwa, iwe dume au jike. Sababu inayotolewa ni kupunguza watoto wasiotakiwa, na katika nchi ambayo makao ya wanyama hujaa mbwa waliokosa wenyewe, sababu hiyo ina nguvu. Lakini mbwa wa mbegu safi mwenye hati kamili hashurutishwi hivyo katika michezo hiyohiyo, na watoto wasiotakiwa hawazaliwi na chotara peke yao. Mwandishi wa haki atasema kwamba sharti ni jema na utekelezaji wake ni wa upande mmoja.

Je, mbegu haina maana yoyote?

Ingekuwa ni kutoka upande mmoja wa kosa na kuingia upande wa pili kudai kwamba mbegu haisemi chochote. Mbwa wa mbegu ya border collie, waliozalishwa kwa vizazi vingi kuchunga kondoo kwa ishara za mbali, hutawala ngazi za juu za ajiliti kiasi kwamba mtazamaji anaweza kudhani mchezo uliandikwa kwa ajili yao. Hata hivyo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya maelezo ya tabia za zaidi ya mbwa 18,000, ulionyesha kwamba mbegu hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa maneno mengine, anayemchagua mbwa kwa jina la mbegu pekee amejua kidogo sana kuhusu huyo atakayempeleka nyumbani. Kumtazama mbwa mwenyewe, jinsi anavyomfuata mtu na kurudi kwa hamu baada ya kukosea, humwambia mengi zaidi.

Mwaka 2014 maonyesho ya Westminster ya New York, yanayofanyika tangu 1877, yaliongeza ubingwa wa ajiliti na kuwakaribisha chotara. Ilichukua miaka kumi kabla mmoja wao hajalitwaa taji: mwaka 2024 alishinda Nimble, mchanganyiko wa border collie na papillon, mbwa mdogo aliyekimbia katika kundi la viunzi vya inchi 12 na kuwapita mabingwa wa makundi yote. Wapenzi wa chotara walisherehekea, na walikuwa na haki, japo inafaa kukumbushwa kwamba mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi hupangwa na wanamichezo kwa makusudi, ili kasi ya mbegu moja ikutane na umbo dogo la nyingine, na hivyo si sawasawa na mbwa wa asili isiyojulikana aliyetolewa kwenye makao. Chotara nao wameanza kuwa na matabaka yao.

Maonyesho ya umbo ya American Kennel Club bado ni ya mbwa wa mbegu safi peke yao, jambo linaloeleweka kwa kuwa pale kinachopimwa ni mbegu yenyewe. Lisiloeleweka ni la mashindano ya dunia ya ajiliti yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI: mwaka uleule Nimble aliposhinda New York, kanuni za mashindano hayo zilikuwa bado zinadai hati ya nasaba, na bingwa wa Westminster hakustahili hata kuombewa nafasi katika timu ya nchi yake.